Wanamuziki watatu wa Picasso: wamefurahi au wana majonzi?

Mwezi wa Novemba 2023 mchoro mmoja wa Pablo Picasso, unaomwonyesha mwanamke aliyevaa saa ya mkononi, uliuzwa mnadani mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 139 za Marekani. Kila habari ya namna hii inapotangazwa, watu huitazama picha kwenye simu zao na kuuliza maswali yale yale: kwa nini sura imepindwa hivi, mchoraji alikuwa na hasira au alikuwa mgonjwa, na mchoro wenyewe unasema nini hasa? Wapo wanaokata shauri upesi kwamba hata mtoto wa darasa la pili angechora vile. Wapo pia ambao, kwa heshima iliyopita kiasi, hunyamaza kimya wakiamini kwamba pana siri waliyokabidhiwa wasomi peke yao. Suala la bei ni la wafanyabiashara, na tutaliacha huko huko sokoni. Suala la hisia na maana ni la kila mwenye macho, na linaweza kufafanuliwa vizuri kabisa, mradi tukubali kuukalia mchoro mmoja kwa muda badala ya kupita mbele ya kumi.

Mchoro nitakaoukalia unaitwa “Wanamuziki Watatu”. Picasso aliuchora mwaka 1921, na leo umetundikwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa mjini New York. Nimeuchagua kwa sababu moja: wanaoutazama hawakubaliani kama ni mchoro wa shangwe au wa msiba, na kutokubaliana huko kunatufundisha mengi kuliko mchoro ambao jibu lake liko wazi. Lakini kabla ya kuufikia ni lazima tuelewane juu ya maneno machache.

Kubisimu ni mtindo wa uchoraji uliozaliwa Ufaransa, hasa katika jiji la Paris, kati ya mwaka 1907 na 1914, kwa mikono ya watu wawili zaidi ya wengine wote: Picasso, Mhispania aliyehamia Paris akiwa kijana, na Georges Braque, Mfaransa. Jina lenyewe linatokana na neno lenye maana ya mchemraba. Mwaka 1908 mhakiki Louis Vauxcelles, akiandika juu ya maonyesho ya Braque, alilalamika kwamba mchoraji huyo alikuwa amegeuza kila kitu, mandhari, watu na nyumba, kuwa michemraba. Lilikuwa neno la kubeza, nalo likabaki kuwa jina, ingawa ukiitafuta michemraba katika michoro mingi ya mtindo huu huenda usiuone hata mmoja.

Wazo lililo ndani ya mtindo huu ni jepesi kuliko jina lake. Mpe mtoto mdogo karatasi umwambie achore meza ya nyumbani. Mara nyingi atachora uso wa meza kama unavyoonekana kutoka juu, kisha ataweka miguu yote minne, ingawa mtu aliyesimama mahali pamoja hawezi kuuona uso wote na miguu yote kwa mara moja. Mtoto amechora anachokijua juu ya meza, zaidi ya kile ambacho jicho lake linakiona kutoka pembe moja. Au itazame ramani ya nyumba aliyoileta fundi: karatasi moja inaonyesha vyumba kana kwamba paa limeng’olewa, inaonyesha uso wa mbele wa nyumba, na pembeni yake inaonyesha ubavu. Hakuna anayeishika ramani ile akasema kwamba aliyeichora alikuwa amechanganyikiwa. Sote tunaelewa kwamba ameweka pande kadhaa za kitu kimoja mahali pamoja ili tukijue vizuri zaidi. Wachoraji wa kubisimu walifanya jambo linalofanana na hilo kwa gitaa, chupa, meza ya mkahawa na uso wa binadamu, isipokuwa wao hawakuzitenga pande zile kila moja na kisanduku chake, walizipachika moja juu ya nyingine mpaka zikashikana.

Mtindo huu ulipita katika hatua mbili kubwa, na inafaa kuzijua kwa sababu kila moja ina namna yake ya kubeba hisia. Katika hatua ya kwanza, hasa kati ya mwaka 1909 na 1912, kitu kilivunjwavunjwa kuwa vipande vidogo vingi vya rangi ya kahawia na kijivu, mpaka mtazamaji analazimika kukitafuta kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha kwenye mkeka. Katika hatua ya pili, kuanzia mwaka 1912, mwendo uligeuka. Braque na Picasso walianza kubandika kwenye michoro yao vipande vya magazeti, karatasi za kupambia kuta na vitu vingine vya kawaida, kisha wakaanza kuchora kwa rangi maumbo makubwa, bapa na yenye kingo kali, yanayofanana na karatasi zilizokatwa kwa mkasi. Hapo hawakuwa wakivunja kitu tena. Walikuwa wakikijenga upya kwa vipande, kama fundi cherehani anavyounganisha viraka vya vitambaa mbalimbali mpaka vikawa shuka moja. “Wanamuziki Watatu” ni mchoro wa hatua hiyo ya pili, na ni rangi ya mafuta tupu, ingawa ukiuona picha yake kwa haraka utaapa kwamba ni karatasi zilizobandikwa.

Sasa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya sana: hisia na maana. Hisia ya mchoro ni ile hali ya moyo inayokupata ukiwa mbele yake, kabla hujajua jina lake wala historia yake. Maana ni kile ambacho mchoro unakizungumzia, na mara nyingi huwezi kukifikia kwa macho peke yake. Unahitaji kujua ulichorwa lini, na nani, na wakati kitu gani kinatokea. Aliyekulia na kanga analijua jambo hili bila kufundishwa. Rangi za kanga na mpangilio wa mji na pindo vinakupa hisia ukiwa bado mbali. Jina lililoandikwa chini unalisoma ukikaribia. Na bado hujapata maana yote mpaka ujue ni nani aliyeivaa, siku gani, na alipita mbele ya mlango wa nani. Hali kadhalika katika taarabu, ngoma na fidla zinaweza kukuinua kitini huku maneno ya wimbo yakimlilia mtu aliyesalitiwa. Hisia na maana si lazima ziende njia moja, na mchoro wetu ni mfano mzuri wa hilo.

Kosa la kwanza ambalo watazamaji wengi hulifanya ni kudhani kwamba kuvunjika kwa umbo ndiyo hisia yenyewe. Wanaona pua ya pembeni kwenye uso wa mbele, wanahitimisha kwamba mchoro huo ni wa hasira, wa vita au wa wazimu. Dhana hii inaeleweka, kwa kuwa katika maisha tunapokiona kitu kimevunjika huwa tunajua kuna jambo baya limetokea. Lakini katika kubisimu kuvunja ni namna ya kuandika, kama vile vina na mizani vilivyo namna ya kuandika katika shairi. Kuwapo kwa vina hakukuambii kama shairi ni la harusi au la maombolezo. Mwaka 1910 Braque alichora fidla na kinara cha mshumaa, na vitu hivyo vimevunjika vipande vingi kiasi kwamba kingo zake zinamomonyoka na kuingia katika hewa inayovizunguka. Hata hivyo mchoro huo ni mtulivu mno. Vipande vyake vimelala kwa mpangilio, rangi zake za kahawia na kijivu hazigombani, na macho hupita juu yake polepole kama mtu anayetembea chumbani usiku akichelea kuwaamsha waliolala. Wapo wanaodai kwamba rangi hizo za udongo ni dalili ya huzuni. Kwa maoni yangu zina kazi nyingine: Braque na Picasso walizipunguza rangi ili macho yashughulike na umbo, kwa sababu rangi kali ingeyavuta pembeni.

Kama kuvunjika peke yake hakutoshi, basi hisia inakaa wapi? Inakaa katika namna ya kuvunja na namna ya kuunga. Itazame kingo za vipande kama ni kali au laini, vipande vyenyewe kama vinasukumana au vinapumzikiana, kama kuna nafasi ya kupumua au kila kitu kimebanwa. Tazama mwanga unatoka wapi, ikiwa unatoka popote. Rangi nazo huzungumza, lakini huzungumza kwa kuhusiana, kwa hiyo si sawa kusema nyekundu ni hasira na bluu ni huzuni kana kwamba tunasoma kamusi. Rangi ya bluu iliyo karibu na nyeupe hukupa hewa ya asubuhi. Ikizungukwa na nyeusi na kahawia, bluu ile ile inakuwa kama taa iliyosahauliwa ikiwaka.

Twende sasa kwenye “Wanamuziki Watatu”, tukianza na macho na kuiacha historia isubiri. Mchoro ni mkubwa, takriban mita 2 kwenda juu na mita 2.2 kwa upana, yaani ukisimama mbele yake watu waliochorwa wanakukabili kwa kimo chao. Upande wa kushoto yuko Pierrot, mchekeshaji wa jukwaani mwenye mavazi meupe, akipuliza klarineti. Katikati yuko Harlequin, mchekeshaji mwenzake, aliyevaa nguo yenye maumbo ya uru kama ya kwenye karata, ya manjano na ya rangi ya machungwa, akipiga gitaa. Upande wa kulia yuko mtawa aliyevaa joho jeusi, ameshika karatasi ya nota. Mbele yao pana meza yenye vitu vichache, na nyuma ya miguu ya mwanamuziki wa kushoto, gizani, amelala mbwa ambaye watu wengi hawamwoni mpaka waonyeshwe.

Hisia ya kwanza, nadhani, ni ya uchangamfu. Maumbo ni makubwa na yamekatwa kwa kujiamini, nguo ya Harlequin inang’aa, na vipande vimepangwa kwa mapigo, cheupe, cheusi, cha bluu, cheupe tena, hata macho yanaruka kutoka kipande hiki hadi kile kama miguu inayofuata ngoma. Ukitaka kujua mwili wa mmoja unaishia wapi na wa mwenzake unaanzia wapi utapata taabu, kwa sababu kipande kimoja cha rangi kinapita juu ya watu wawili bila kuomba ruhusa. Wanamuziki hawa wameshonwa pamoja. Yeyote aliyewahi kusikiliza kundi lililozoeana kwa miaka mingi anaijua hali hii, ambapo sauti za ala zinashikana mpaka huwezi kusema ni nani aliyeanza.

Kaa zaidi mbele ya mchoro huo huo, na jambo jingine linaanza kupanda. Chumba ni cha kahawia iliyokolea, kina kina kifupi kama sanduku lililosimamishwa ubavu, hakina dirisha wala mlango. Watu hawa wakubwa wana mikono midogo ya kushangaza, kama ya wanasesere, na hiyo ndiyo mikono inayopaswa kutoa muziki wote. Nyuso zao zimefunikwa na barakoa, macho ni matundu tu, na hakuna anayemtazama mwenzake. Wameshikana miili lakini hawaonani. Mtawa upande wa kulia ni mweusi na mzito, naye anaufanya upande ule wa mchoro uinamie chini. Na yule mbwa, ambaye katika mchoro wa kawaida angeleta uchangamfu wa nyumbani, hapa yuko gizani, hachezi wala haombi chakula.

Kwa hiyo tuna hisia mbili zinazoishi pamoja, na ningemwomba msomaji asizifanyie haraka ya kuzipatanisha. Mtu anayesema mchoro huu ni wa furaha ameziona rangi na mapigo. Anayesema ni wa majonzi amekiona chumba, barakoa na mikono. Wote wawili wana ushahidi kwenye turubai, na hilo ndilo sharti la tafsiri yoyote inayostahili kusikilizwa: uweze kunyoosha kidole na kuonyesha mahali. Anayesema mchoro huu unahusu uchumi wa Ufaransa anaweza kuwa na akili nyingi, lakini hana pa kunyoosha kidole. Ndiyo maana si kweli kwamba katika sanaa ya namna hii kila mtu ana haki ya kusema lolote. Mlango uko wazi, lakini nyumba ina kuta.

Baada ya macho tuiite historia. Katika maisha yake Picasso alijichora mara kadhaa kwa sura ya Harlequin. Mchoro mmoja wa mwaka 1905 unamwonyesha yeye mwenyewe katika mkahawa wa Paris akiwa amevaa nguo ile ya maumbo ya uru. Kwa kuanzia hapo, wapo wanahistoria wa sanaa waliopendekeza kwamba Harlequin wa “Wanamuziki Watatu” ni Picasso, na kwamba wawili waliomzunguka ni marafiki zake wa ujana, washairi Guillaume Apollinaire na Max Jacob. Apollinaire, ambaye mwaka 1913 alichapisha kitabu cha kuwatetea wachoraji wa kubisimu, alijeruhiwa kichwani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mwaka 1916, akafa kwa homa kuu ya mafua tarehe 9 Novemba 1918, siku mbili tu kabla ya silaha kuwekwa chini. Jacob, aliyewahi kuishi na Picasso chumba kimoja katika siku za ufukara wao, alizaliwa Myahudi, akabatizwa kuwa Mkatoliki mwaka 1915 huku Picasso akiwa baba yake wa ubatizo, na mwaka ule ule wa mchoro huu, 1921, aliondoka Paris akaenda kuishi karibu na abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Saint-Benoît-sur-Loire. Mmoja amekufa, mwingine amejitenga na dunia kama mtawa. Ukiyajua hayo, joho jeusi la upande wa kulia na mavazi meupe ya kushoto hayakai tena kimya.

Tafsiri hiyo ni nzuri, nami naipenda, lakini uaminifu unatudai tukiri kwamba Picasso hakuiandika popote kwenye turubai, na kwamba ipo njia nyingine ya kueleza watu hawa. Mwaka 1917 alikwenda Italia, akautazama kwa karibu mchezo wa jadi wa jukwaani wa Kiitalia ambamo Harlequin ni mmoja wa wahusika wakuu. Mwaka 1920 alibuni mandhari na mavazi ya mchezo wa dansi wa “Pulcinella”, uliotokana na jadi hiyo hiyo na kupigiwa muziki wa Igor Stravinsky. Inawezekana basi kwamba alikuwa bado amejaa watu wa jukwaani kichwani. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kuchagua moja na kuitupa nyingine. Jukwaa linaeleza mavazi yalitoka wapi. Urafiki unaeleza kwa nini chumba ni kizito kuliko mchezo wa kuchekesha unavyohitaji.

Barakoa zile zinatudai tuguse jambo ambalo huzungumzwa sana kwetu, kwamba Picasso aliiga sanaa ya Afrika. Ni kweli kwamba mwaka 1907 alitembelea makumbusho ya Trocadéro mjini Paris, akasimama mbele ya vinyago vilivyoletwa kutoka Afrika, na kwamba nyuso katika mchoro wake mkubwa wa mwaka huo, “Wasichana wa Avignon”, zina deni kwa vinyago vya namna hiyo. Deni hilo linapaswa kutajwa kwa jina lake, na inauma kwamba mafundi waliochonga vinyago vile hawakuandikwa popote. Lakini kusema aliiga peke yake kunaficha jambo kubwa zaidi. Wachongaji wale walikuwa tayari wanajua kwamba uso unaweza kujengwa kwa maumbo machache yenye nguvu bila kufuata nyama na mifupa, na kwamba uso wa namna hiyo unabeba hisia nzito kuliko uso wa kawaida, hasa unapochezwa katika ngoma. Picasso alikuta elimu. Aliyewahi kumwona mchezaji wa mapiko, vinyago vya ngoma vya Kimakonde, akitokea katikati ya umati haambiwi kwamba sura isiyofanana na ya mtu inaweza kumtetemesha mtu. Hivyo mtazamaji wa kwetu anaufikia mchoro wa kubisimu akiwa na maandalizi ambayo hata yeye mara nyingi hajui kuwa anayo.

Ili kuona kwamba lugha hii moja inaweza kubeba hisia za aina nyingine kabisa, linganisha na “Guernica”. Tarehe 26 Aprili 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Hispania, ndege za Ujerumani na Italia zilizokuwa zikimsaidia Jenerali Franco, kiongozi wa waasi, ziliushambulia kwa mabomu mji wa Guernica, katika nchi ya Wabasque, siku ya Jumatatu ambayo ilikuwa siku ya gulio. Picasso, aliyekuwa Paris na aliyekwisha kuombwa na serikali ya Jamhuri ya Hispania achore kitu kwa ajili ya banda lake katika maonyesho ya kimataifa ya mwaka huo, alianza michoro ya maandalizi tarehe 1 Mei, na mwanzoni mwa Juni alikuwa amemaliza turubai yenye karibu mita 3.5 kwenda juu na mita 7.8 kwa upana. Hakuna ndege ya vita ndani yake wala bomu. Yupo farasi aliyechomwa mkuki, kinywa wazi na ulimi uliochongoka kama kisu, yupo mama anayemlilia mtoto aliyekufa mikononi mwake, yupo fahali, yupo mtu aliyeanguka na upanga uliovunjika mkononi, na juu yao taa ya umeme inawaka bila huruma. Rangi zote ni nyeusi, nyeupe na kijivu, kama picha za magazeti ambamo wakazi wa Paris waliisoma habari ile.

Weka sasa michoro hii miwili kando kwa kando katika mawazo yako. Katika “Wanamuziki Watatu” vipande vinalala bapa na kushonana. Katika “Guernica” vinachomana, kila ncha inaelekea kwenye mwili wa mwingine. Kule vinywa vimefunikwa na barakoa na ala za muziki. Huku vinywa vyote viko wazi na shingo zimenyooshwa kuelekea juu. Kule mikono ni midogo. Huku viganja vimevimba na vidole vimetanuka. Mchoraji ni mmoja, na kuvunja ni kule kule kwa pande nyingi katika uso mmoja, lakini hakuna mtu mwenye moyo anayeweza kuzichanganya hisia zake. Hapo ndipo dhana kwamba kubisimu ni baridi, ni hesabu za pembe na mistari tu, inapoanguka.

“Guernica” inatufundisha pia mpaka wa kumuuliza mchoraji mwenyewe. Watu walimwuliza Picasso mara nyingi fahali na farasi wana maana gani. Katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1945 alisema fahali ni ukatili na giza, na farasi ni wananchi. Wakati mwingine alinukuliwa akisema kwamba fahali ni fahali na farasi ni farasi, na kwamba ni kazi ya mtazamaji kuona anachotaka kukiona. Nadhani majibu yote mawili yalikuwa ya kweli kwake. Mshairi akiulizwa ubeti wake una maana gani, siku moja atakueleza, siku nyingine atakurudisha kwenye ubeti, na siku hiyo ya pili hakudharau. Anakwambia kwamba alichotaka kukisema alikisema kwa njia ile, na kukigeuza kuwa sentensi ya kawaida ni kukipunguza.

Imebaki hoja ya mtoto wa darasa la pili, na jibu lake lipo katika mwaka ule ule wa 1921. Picasso alipokuwa akichora “Wanamuziki Watatu” alikuwa amepanga nyumba kwa kiangazi katika mji wa Fontainebleau, kusini mwa Paris, pamoja na mkewe Olga na mtoto wao wa kiume aliyezaliwa Februari mwaka huo. Hapo hapo, kiangazi hicho hicho, alichora pia “Wanawake Watatu Kisimani”, mchoro mkubwa wa wanawake walionenepa na kutulia kama sanamu za mawe za Wagiriki wa kale, wenye nyuso kamili, mikono mizito na mikunjo ya nguo iliyotiwa vivuli kwa uangalifu. Michoro yote miwili sasa ni mali ya makumbusho yale yale ya New York. Mtu aliyeweza kuufanya mmoja asubuhi na mwingine jioni hakuvunja maumbo kwa kukosa ufundi. Alichagua, na kwa kuwa alichagua, tuna haki ya kuuliza kwa nini kwa wanamuziki alichagua vipande bapa na kwa wanawake wa kisimani akachagua miili ya mviringo. Jibu langu ni kwamba watu wa kisimani wako mbele yake, wazito, wa kushikika. Wanamuziki ni watu wa kukumbukwa, na kumbukumbu haina vivuli. Ina nguo, rangi, wimbo na mahali ambapo kila mmoja alikuwa akikaa.

Mahali pa kukaa ni jambo lenye uzito hapa, kwa sababu kiangazi kile Picasso alichora “Wanamuziki Watatu” mara mbili. Wa pili uko katika makumbusho ya sanaa ya mji wa Philadelphia. Watu ni wale wale, mtawa bado yuko kulia, lakini Harlequin amehamia kushoto na sasa anapiga fidla, na katikati, mahali pa heshima, ameketi Pierrot mweupe. Kama Harlequin ndiye mchoraji na Pierrot ndiye rafiki aliyekufa, basi katika turubai ya New York Picasso amekaa katikati ya wawili aliowapoteza, na katika ile ya Philadelphia amesogea pembeni akampisha marehemu.